Nati Iliyogoma Madimba

Mzee Ismaili alikuwa amestaafu kazi ya uwakala wa forodha pale bandarini, lakini hakuwa amestaafu kuhadithia jinsi alivyoibiwa magurudumu. Ilikuwa miaka kumi na sita nyuma. Alikwenda Dar es Salaam msibani, akalaza gari Temeke, alfajiri akatoka kwenda msikitini akalikuta limekaa juu ya matofali manne kama kuku anayeatamia. Magurudumu yote yamekwenda. Ayubu alikuwa ameisikia hadithi hiyo mara sita tangu aanze kumposa Zulfa, binti wa mzee, na kila mara ilipofika kwenye matofali alishikwa na kikohozi.

Jumamosi hiyo aliisikia mara ya saba, akiwa kiti cha nyuma cha gari jipya la mzee, njiani kwenda Msimbati. Pembeni yake lilikuwako kreti la mikate arobaini aliyoioka mwenyewe usiku kucha katika tanuri lake la Rahaleo. Mbele, karibu na dereva, alikaa Bi Sharifa, dada mkubwa wa mzee. Walikuwa wakimpeleka Ayubu akaonekane kwa mama yao, Bi Mgeni, kwa sababu katika ukoo ule hakuna binti aliyeolewa kabla Bi Mgeni hajamtazama mwanamume kwa macho yake. Mposaji wa kwanza wa Zulfa alichelewa chakula cha mchana kwa nusu saa. Bi Mgeni alimpa maji ya kunywa, akamwonyesha njia ya kurudi.

"Ndiyo maana gari hili hawalipati," mzee alisema akiupigapiga usukani. "Kila gurudumu nimelitia nati moja ya loki. Haifunguki kwa spana yoyote duniani ila kwa ufunguo wake. Mwizi aje na mabegi yake ya spana, atakesha mpaka jua limkute."

Ayubu akakohoa.

Walikuwa wamepita Madimba kidogo tu gari lilipoanza kuchechemea. Mzee alisimama kando, chini ya mikorosho. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa limelala kabisa. Msumari wa kupigilia mbao, mrefu kama kidole, ulikuwa umezama ndani mpaka kichwa.

"Hakuna shida," mzee akasema, akavua koti. "Tairi la akiba ninalo, jeki ninayo."

Akatoa jeki na spana kwenye kikabati cha ubavuni mwa buti, maana katikati ya buti palijaa gunia la mchele la Bi Mgeni, ndoo ya mafuta, na mkeka. Akafungua nati ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Alipofika ya tano, ile ya loki, akanyoosha mgongo.

"Ufunguo uko wapi?" aliuliza Bi Sharifa.

"Nimeuficha."

"Wapi?"

"Pahali ambapo mwizi hawezi kufika."

"Na wewe mwenyewe unaweza kufika?"

Mzee aliingia garini. Akapekua chini ya viti, akapekua kwenye droo ya mbele, akapekua mifuko ya kanzu aliyoivaa na ya koti alilolivua. Akampigia Zulfa simu nyumbani. Mtandao ulikuwa wa kubahatisha, lakini sauti ya Zulfa ilisikika na wote.

"Baba, nimetafuta kabatini, nimetafuta kwenye kasha la kofia, nimetafuta hata kwenye debe la unga. Nimepata miwani uliyosema niliitupa mimi."

"Niachie habari ya miwani! Tafuta ufunguo!"

Simu ikakatika. Saa ilikuwa tano na nusu. Ayubu aliikodolea macho ile nati ya tano. Kichwa chake kilikuwa cha mviringo, laini, chenye vijifereji vya kupindapinda kama ua. Aliitambua mara moja, kama mtu anavyomtambua askari aliyewahi kumkamata. Alijua inahitaji nini, na itachukua dakika ngapi. Akageuka akatazama mikorosho.

Hapo ndipo alipotokea Kasiani. Alikuwa mtu wa makamo, fundi wa pikipiki mwenye kibanda chake hatua chache kutoka pale, na alikuja amebeba sanduku la vyuma kabla hajaitwa. Aliwasalimu, akachuchumaa, akaitazama nati kwa huruma.

"Hii tutaitoa," akasema. "Hakuna nati iliyonishinda."

Akaanza kwa kulipandisha gari kwa jeki, jambo lililomfanya Ayubu ang'ate mdomo. Kisha akaibana nati kwa koleo na kuvuta. Gurudumu zima likazunguka pamoja naye, naye akaenda kukaa mchangani. Akaijaribu kwa tindo, tindo likateleza likachora mstari mrefu kwenye rimu. Mzee Ismaili akalia kama amechorwa yeye. Kasiani akaipaka nati sabuni. Bi Sharifa akauliza sabuni ya nini, Kasiani akasema pete ikikwama kidoleni hutoka kwa sabuni.

"Basi tuichome moto," Kasiani akaamua, akijifuta jasho. "Chuma kikipata moto hulegea. Nina majani makavu pale."

"Karibu na tangi la mafuta?" Bi Sharifa akauliza.

"Moto mdogo tu, mama."

Ayubu ni mwokaji, na mwokaji anapomwona mtu akiuharibu unga hawezi kukaa kimya muda mrefu. Saa sita kasorobo. Kasiani alikuwa amekwisha kuinama kukusanya majani.

"Kaka," Ayubu akasema, "hebu niazime hilo sanduku."

Kwanza alilishusha gari chini, tairi likakanyaga ardhi lisizunguke. Akachambua soketi za Kasiani za kufungulia nati, moja moja, akazipima kwa jicho, akachagua moja kuukuu yenye meno mengi ndani, ndogo kidogo kuliko kichwa cha nati. Akaomba kitambaa, Bi Sharifa akampa leso yake. Akaizungushia kwenye rimu ili isichorwe tena. Kisha akaiweka soketi juu ya nati na kuipiga nyundo: pa, pa, pa, sita tu, zote zimenyooka, mpaka ikajishindilia na kuuma. Akatia mpini, akauongezea bomba la chuma uwe mrefu, akaegemea. Hakuvuta kwa pupa. Aliegemea kama mtu anayesikiliza mlango. Nati ikalia kwii, ikanyamaza, ikalia tena, ikageuka.

Haikufika dakika nne.

Kasiani akapiga makofi. "Ndugu yangu! Hata wezi wa Dar hawawezi hivi!"

Mzee Ismaili aling'aa uso. Alimshika Ayubu bega, akamtikisa. "Kumbe tuna fundi! Mbona hukuniambia kama ulifanya kazi gereji? Dada, umemwona? Nitamwambia mama: huyu si wa mikate tu, huyu alikuwa fundi wa gereji kubwa Dar es Salaam. Gereji gani vile?"

Uongo wenyewe ulikuwa umeletwa mezani, umepakuliwa, na kijiko kimewekwa. Ayubu alitakiwa kula tu. Aliutazama mkono wa mzee ulio begani mwake. Aliwaza jinsi maneno yale yatakavyofika kwa Bi Mgeni, kisha kwa Zulfa, kisha kwa watoto watakaozaliwa, na yeye atakuwa akikohoa maisha yake yote.

"Mzee, sikufanya kazi gereji."

"Ulifanya wapi?"

"Barabarani."

"Gereji ya barabarani?"

"Hapana, mzee. Magari yalikuwa ya watu. Wenyewe walikuwa wamelala."

Mkono wa mzee ulitoka begani polepole. Kasiani alinyoosha mguu, akalivuta sanduku lake la vyuma karibu naye.

Ikabidi Ayubu aseme yote, amesimama pale na nati mkononi. Alikuwa na miaka ishirini, wakiwa vijana watatu, walikuwa wakitoa magurudumu na kuyauza. Walikamatwa, yeye akafungwa mwaka mmoja na nusu. Tangu atoke hajagusa kitu cha mtu.

"Temeke," mzee akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Mlikuwa mnakuja Temeke?"

"Hapana, mzee. Ilala. Temeke kulikuwa na wenyewe, tungekanyaga kule wangetuvunja miguu."

"Gari jeupe. Nje ya nyumba yenye geti la kijani."

"Wallahi si mimi. Na sisi hatukuwa tukiweka matofali. Tulikuwa tunaliacha gari lilale chini hivi hivi. Waliokuwekea matofali wewe walikuwa watu wa utaratibu."

Mzee alitikisa kichwa. Ni vigumu kusema kama alifarijika. Miaka kumi na sita alikuwa akimsubiri mtu wa kumgombeza, na sasa aliyepatikana alikuwa wa mtaa mwingine.

Bi Sharifa alikuwa na swali lake. "Na mikate? Si ulijifunzia Unguja?"

"Unguja mlisema ninyi, shangazi. Mimi nilinyamaza. Nilijifunzia jikoni gerezani."

Bi Sharifa akalitazama lile kreti kwa muda. "Na ile ya nazi?"

"Ya nazi niliibuni mwenyewe nilipotoka."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Sharifa, maana hiyo ndiyo aliyokuwa akiila kila asubuhi.

Mzee Ismaili aligeuka. Alikwenda nyuma ya gari, akatoa mkeka, akatoa ndoo ya mafuta, akaliburura gunia la mchele mpaka chini, akafunua zulia la buti, akalinyanyua tairi la akiba. Kisha akabaki ameinama hivyo hivyo. Walisubiri anyanyuke. Bi Sharifa akaenda kuchungulia.

Chini ya tairi la akiba, umefungwa kwenye kitambaa chekundu na kuzungushiwa mpira mara tatu, kulikuwa na ufunguo.

"Pahali ambapo mwizi hawezi kufika," alisema Bi Sharifa.

Kasiani ndiye aliyeanza kucheka, akacheka hadi akaushika mkorosho. Ayubu alikaa juu ya gunia la mchele. Kama mzee angeanza na tairi la akiba, wangekuwa wamefika Msimbati zamani, naye angekuwa mwokaji aliyesomea Unguja.

Walifika wamechelewa saa nzima na robo. Garini mzee na dada yake walikubaliana kwamba habari ile isifike kwa mama leo, itamshtua. Bi Sharifa aliafiki kwa kiapo. Alishuka, akavua kandambili moja mlangoni, na kabla hajavua ya pili alikuwa ameshamwambia mama yake kila kitu, pamoja na sabuni.

Bi Mgeni alikuwa jikoni, kwenye kibao, anaparua samaki aina ya changu. Alikuwa mdogo wa mwili na kisu chake kilikuwa kikubwa. Alimwashiria Ayubu akae kwenye kigoda mbele yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wale uliowaibia, kuna uliyemrudishia?"

"Mmoja, bibi. Mwalimu mmoja wa Ilala. Nilimpelekea magurudumu mawili. Wengine sikuwajua."

"Akasemaje?"

"Alinitukana mpaka akachoka. Halafu akanipa chai."

Bi Mgeni akaparua samaki upande mmoja, akamgeuza. "Zulfa anajua?"

"Bado, bibi."

Kisu kikasimama. "Sasa hapa kwangu unafanya nini?"

Ayubu akainuka nusu, akakaa tena.

"Mimi nina miaka themanini na kitu. Nitaishi na wewe muda gani? Toka. Nyuma ya choo kuna kichuguu, ukisimama juu yake simu inashika."

Basi Ayubu akapanda juu ya kichuguu, suruali ya posa imejaa vumbi la Madimba, akampigia Zulfa. Alimweleza bila kupumzika, kwa sababu aliogopa akipumzika hataendelea. Alipomaliza akaitazama simu kuona kama imekatika. Haikuwa imekatika.

"Baba anajua," Zulfa alisema.

"Ndiyo."

"Na shangazi. Na bibi. Kuna mwingine?"

Ayubu alifikiria kunyamaza. "Kuna fundi mmoja wa pikipiki. Kasiani."

"Yaani mimi ni wa tano," Zulfa akasema polepole. "Nyuma ya fundi wa pikipiki."

Hapo sasa simu ikakatika.

Bi Mgeni aliwalisha wali na changu bila kutaja posa, akaipokea mikate, akaonja mmoja wa nazi, akaomba atengewe sita zaidi ya nazi, yake peke yake. Wakati wa kuagana alimwambia mwanawe kwamba yeye hana neno, mwenye neno ni Zulfa, yuko Rahaleo. Wakaanza safari ya kurudi, mzee kwenye usukani. Walipokaribia Likombe, wakiwa karibu kufika nyumbani, ndipo alipouliza, bila kugeuza shingo, kama zile loki za magurudumu mengine matatu ni bora azitoe tu. Ayubu akasema, ndiyo mzee, zitoe, hazimzuii mtu yeyote ila mwenye gari.

Siku kumi na moja Zulfa alinunua mkate kwa watu wengine. Ayubu alimwona akipita asubuhi upande wa pili wa barabara, mfuko mkononi, shingo imenyooka, na kila alipopita, Ayubu aliunguza sinia moja la mikate. Siku ya kumi na mbili Zulfa alivuka. Alipanga foleni kama wateja wengine, nyuma ya wanawake wawili na mzee mwenye baiskeli. Zamu yake ilipofika hakuagiza kitu.

"Nataka kusikia kuanzia mwanzo," alisema. "Si kwa simu. Na usiruke hata kidogo."

"Hapa? Watu wanasubiri, Zulfa."

"Watasubiri."

Ayubu akafunika unga kwa kitambaa, akajifuta mikono, akamvutia Zulfa kiti kimoja na ndoo moja ya kukalia mwenyewe, akaanza. Foleni ilirefuka mpaka nje. Mzee mwenye baiskeli, mkate wake tayari mkononi, akasogea karibu asikie vizuri.