Hodi ya Ndani

Hadia hakumfunza mwanawe kusema. Alimfunza kunyamaza, na kazi hiyo, tusimwonee, aliifanya vizuri sana.

Binti huyo, Mwanamkisi, alitimiza miaka minne bila kumwita mtu mama. Ukimwita hageuki, ukimpa mkono anautazama tu. Lakini siku moja, mwaka wa tatu baada ya Uhuru, aliusogelea mlango wa nyumba yao pale Pate, akaegemeza paji la uso kwenye mbao, akasema kwa sauti safi kabisa: "Hodi! Hodi!"

Hadia aliangusha mwiko. Alicheka, akalia, akamshukuru Mungu. Kesho yake mtoto akasema tena, na kesho kutwa pia. Neno lile lile, mlango ule ule, na kila mara yumo ndani.

Mama mkwe, Bi Rahima, hakucheka. "Wapija hodi uko ndani, wamwita nani alo nde?" alisema. "Mzibe kanwa, Hadia. Mwana huyu atatuitia janaza."

Hadia angeweza kubisha. Ulimi alikuwa nao, wala haukuwa mfupi. Lakini kabla ya Ijumaa jirani yao Bwana Yunusi, mzee aliyekuwa akikohoa tangu enzi za Mzungu, akafariki, na macho ya mtaa mzima yakageukia nyumba ya Hadia. Aibu ikamshinda. Kombe la aya za Kurani likaandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa marashi, mtoto akanyweshwa, lakini hodi haikukoma. Basi kila Mwanamkisi alipousogelea mlango, mamake alimwahi, akamziba mdomo kwa kiganja. Hakumpiga. Hilo alilisema mara nyingi baadaye, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Ilichukua miezi miwili. Hodi ikakoma, Bi Rahima akafukiza ubani, watu wakapumua.

Wanasema majuto ni mjukuu. Ya Hadia hayakungoja mjukuu. Yalikuja na boti kutoka Amu, pamoja na Nesi Kerubo, Mkisii aliyefika kila mwezi kupima watoto. Alimtazama Mwanamkisi kwa muda mrefu.

"Bi Hadia, huyu hajawahi kusema neno lolote?"

"Hajapata." Kisha, kwa kuwa nesi hakumwondolea macho, akamweleza yote.

Kerubo akaiweka mizani chini. "Kwetu, kaka yangu alikuwa hivi. Akitaka maziwa alisema 'funga ndama,' kwa sababu ndilo neno alilosikia kila ng'ombe akikamuliwa. Nyanya hakumkemea. Alimpa maziwa, akamwambia, 'Maziwa.' Hivyo kila siku, miaka miwili, mpaka akalisema mwenyewe."

"Na wangu, alitaka nini?"

"Mtu akisema hodi kwenu, mlango si hufunguliwa?"

Hadia alimgeukia mwanawe. "Alitaka nde," alisema. "Kutoka nde tu."

"Alikuwa anaomba kwenda nje, mama. Ungemfungulia, ukamwambia, 'Toka.'"

Hadia alirudi nyumbani nusu akikimbia, mtoto kiunoni, akijilaani njia nzima. Aliufunga mlango, akachuchumaa kando ya Mwanamkisi bila kumgusa. "Sema, mwanangu. Sema nifungue." Bi Rahima akaguna chumbani, Hadia hakumjali, na laiti angalifanya hivyo tangu mwanzo.

Mwanamkisi alisogea mlangoni, akaegemeza paji la uso kwenye mbao. Midomo ikafunguka. Kisha akainua kiganja chake mwenyewe, kidogo, akaiziba.

Hadia akaufungua mlango mpaka mwisho. "Toka," akasema. "Toka, mwanangu." Mtoto alibaki pale pale kizingitini, mkono mdomoni, jua likimpiga usoni, na mamake hakuthubutu kuuondoa mkono ule kwa mkono wake.