Benchi la Alhamisi

Kila Alhamisi asubuhi muuguzi wa kitengo cha utafiti alifuta vumbi kwenye benchi la korido, akafungua dirisha, akaanza kuwaita wagonjwa wa figo. Walio hai aliwapima kwanza, maana walikuwa na haraka ya kwenda makazini. Marehemu walisubiri. Walipokubali kujaribiwa dawa mpya waliambiwa wahudhurie kila Alhamisi mpaka wapewe majibu, nao hawakuwa watu wa kuvunja miadi.

Mama yake muuguzi, naye marehemu, alikaa mwisho wa benchi, pale pale alipozoea, bega kwa bega na shoga yake.

"Umekonda," alimwambia bintiye, akipanda kwenye mizani. Mshale haukutikisika.

"Anayepimwa ni wewe, mama."

"Najua. Na wewe umekonda. Majibu je?"

"Bado."

Majibu yalikuwa yametoka zamani, na muuguzi aliyajua. Lakini mgonjwa akishapewa majibu harudi tena, na yeye mama yake alishamzika mara moja. Alizipenda Alhamisi hizi. Zilimrudisha enzi zile korido ilipojaa harufu ya chai ya chupa na benchi zima likitaniana nani kapewa dawa yenyewe na nani kapewa vidonge vya unga, kwa kuwa hata madaktari walikuwa hawajui. Mama na shoga yake walivipasua vidonge vyao katikati wakabadilishana nusu kwa nusu. Mambo ya kupona mmoja na kumwacha mwenzake waliyaona ni kukosa adabu.

Kisha akaja daktari mpya, kijana mwenye heshima zake. Alilikuta benchi limejaa, akauliza wanasubiri nini, akaenda kutafuta majibu. Alirudi akachuchumaa mbele ya mama na shoga yake.

"Dawa inaponya, mama zangu. Wewe ulipewa dawa yenyewe. Mwenzako alipewa unga." Akamgeukia tena mama. "Ungeimeza nzima, ungepona."

"Halafu hapa ningekaa na nani?" mama akauliza.

Shoga yake akamfinya paja, wakacheka kama zamani.

"Basi tuandikie sasa," mama akasema. "Kila mtu chake."

Daktari akawaandikia. Marehemu wakainuka, wakanyoosha nguo zao, wakashika njia ya dirisha la dawa. Muuguzi aliwatazama wakiishia kwenye kona. Benchi lilibaki tupu. Alikaa pale alipokuwa amekaa mama yake, akalia kidogo.

Hakumaliza hata kujifuta machozi, akawaona wanarudi.

"Haipo," mama akasema, akimsogeza ili akae. "Mtoa dawa anasema inauzwa ng'ambo, kwao waliolipia utafiti. Huku haijaletwa. Tujaribu Alhamisi ijayo."

Muuguzi alifurahi, akashindwa kuificha furaha yake. Mama akampapasa mgongo.

Nyuma yao alifuata mwalimu mmoja, hai bado, miguu imevimba hadi kamba za viatu hazifungiki. Naye alikuwa ameshika cheti chake cha dawa, na dirishani alikuwa amejibiwa vivyo hivyo. Aliangalia pa kukaa, hapakuwepo. Shoga yake mama akabana upande, akampigia kofi ubao wa benchi.

"Kaa, mwanangu. Utazoea."

Furaha ikamtoka muuguzi. Alimpima mwalimu uzito, akamwandikia aje Alhamisi, halafu akaenda kwa seremala wa hospitali kuomba benchi la pili.