Kimya, Dada Anasali

Karatasi ile ilikuwa imebandikwa mlangoni kabla hata sijafungua sanduku langu: KIMYA, DADA ANASALI. Ndani, katika kijistoo cha kupigia pasi, maboksi yalikuwa yameondolewa, mswala mpya mnene umetandikwa, na ukutani mshale wa chaki unaonyesha kibla. Mama Kasuku aliupima kwa simu yake, akaufuta, akapima tena na kuuchora upya.

"Sisi hatuna dini," aliniambia, "lakini hatutaki uache yako kwa ajili yetu. Saa yako ikifika, acha chochote. Hata vyombo."

Mama Kasuku ndilo jina nililompa moyoni. Alikuwa daktari wa meno, na bintiye wa miaka minne hakusikia neno asilirudie kwa wageni. Kulikuwa na mdogo wake pia, Kichanga wa miezi minane, aliyekuwa akiota meno na kutaka mtaa mzima ujue. Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja: niishi nao kama mtu wa nyumbani, niwalee hao wawili mchana, jioni niende darasani kujifunza lugha yao. Mtu wa nyumbani, naam. Mtu wa nyumbani asiyepata hata nafasi ya kuketi apumzike.

Nilipaswa kumwambia ukweli siku ileile. Nilikuwa na miezi kumi na minne sijagusa mswala. Mama yangu alipolazwa nilimwombea hadi magoti yakaota sugu. Akafariki Jumanne asubuhi, nami nikanyamaza. Sikugombana na Mungu. Nilichoka tu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye taa na hafunguliwi.

Lakini utamwambiaje mtu aliyekupimia kibla mara mbili? Adhuhuri ya kwanza, Kichanga akiwa amelala, niliingia kwa adabu tu. Nikajitanda mtandio, nikakaa, nikaegemea ukuta. Lo! Niliposhtuka, robo saa ilikuwa imekwenda na udenda umenitoka mdomoni. Sijapata kulala usingizi mtamu kama ule. Alasiri nikarudi, na kesho yake nikarudi tena. Mchamungu gani mimi! Nikawa sikosi kipindi. Mwezi wa pili nikakuta kijimto kando ya mswala. Nikadhani Kasuku amekisahau, nikakilalia.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, ila yangu ilinifikisha hadi mwezi wa tano. Wageni wakija, Mama Kasuku alinisifu mbele yao: "Dada yetu hana mchezo na sala zake." Nami nainamisha kichwa, wao wakidhani ni unyenyekevu. Ilikuwa aibu tupu. Ningeacha, lakini mgongo ulikataa. Bila robo saa ile nisingeifikia jioni.

Alhamisi moja alirudi mchana, koti la kazini bado mwilini. Nilikuwa jikoni namlisha Kichanga uji. Akasimama mlangoni, mkoba hakuuweka chini.

"Dada, mama yangu ameanguka. Wamemwingiza chumba cha upasuaji."

"Jamani! Pole, mama. Nenda basi, watoto niachie."

"Yuko mbali. Ndege ni ya jioni. Mimi sijui kuomba. Sina hata pa kuanzia. Niombee wewe. Wewe unasikilizwa."

Wewe unasikilizwa! Nilitaka kumwambia kwamba mama mmoja ameshaondoka huku nikimwombea, kwamba amwendee mtu mwingine.

Kasuku alikuwa chini ya meza na penseli zake. Akatoa kichwa.

"Mama, usilie. Dada anasali vizuri sana. Anakoroma kidogokidogo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kijiko cha uji kilibaki hewani, Kichanga akikifuata kwa mdomo wazi.

Mama Kasuku hakucheka. Alijifuta macho kwa mkono wa koti.

"Najua," alisema. "Nimejua tangu mwezi wa kwanza. Ule mto unadhani aliuweka nani?"

"Mama, nisamehe. Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Ulikuwa hoi. Nikasema, huyo Mungu wake bila shaka anaelewa." Akakichukua kijiko mkononi mwangu, akaketi mbele ya mwanawe. "Lakini leo, dada, tafadhali, usilale."

Nikaenda bafuni, nikakunja mikono ya blauzi, nikafungua bomba. Maji yalikuwa ya baridi. Nilidhani nimesahau, lakini viganja vilijua pa kwenda: mdomoni, puani, usoni, viwikoni, kichwani, hadi miguuni. Kijistooni nikausogeza mto kwa mguu, nikasimama. Mlangoni Kasuku alikuwa akiikariri ile karatasi kwa mnong'ono: kimya, dada anasali.

Nilisali polepole, nikikosea na kurudia. Nilipomaliza nikainua viganja kuomba, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sikumuuliza Mama Kasuku jina la mama yake.

Basi nikaanza na la mama yangu.