Nyuzi Nyeusi Jichoni

Fundi saa aliziona nyuzi hizo Jumatatu asubuhi, akiwa ameinamia saa ya mteja, lenzi ameibana kwenye jicho la kulia. Zilikuwa nyeusi, nyembamba kama unywele, zikielea mbele ya gurudumu dogo. Akaifuta lenzi. Zikabaki. Akaivua kabisa, akatazama ukuta mweupe wa kibanda, nazo zikahamia ukutani.

Kwa miaka sita alikuwa na sukari, na mwezi wa nane huu ulikuwa unakwisha tangu aache vidonge, maana hakuumwa popote. Mkewe hakujua. Kila asubuhi alikitia kidonge mdomoni mbele yake, kisha akaenda kukitema msalani.

Jioni, akijimiminia chai, aliimwaga nje ya kikombe.

"Baba Pacha," mkewe aliuliza taratibu, "unaona?"

"Naona."

Mkewe akamziba jicho la kushoto kwa kiganja. "Hivi ni vidole vingapi?"

Akakisia. Akakosea.

Kesho yake walikuwa kliniki ya macho. Daktari, binti mdogo kuliko wanawe, alimtia matone, akampiga picha ya ndani ya jicho, akawaonyesha: uwanja wa rangi ya chungwa, mishipa imetambaa kama mizizi, na kando yake mabaka mekundu.

"Hii ni damu, mzee. Sukari ikikaa juu muda mrefu hula kuta za mishipa midogo. Wala haiumi. Ndiyo maana watu hudhani wamepona."

"Na jicho la pili?" fundi aliuliza.

"Nalo limeanza."

Fundi alitaka kuuliza habari ya kazi yake, lakini mkewe alimtangulia. "Inayoharibika ni mishipa ya macho tu?"

"Hapana, mama. Figo zina mishipa kama hiyo. Hata ile mikubwa, ya moyo na ya miguu, huumia. Sisi tutaziba inayovuja kwa miale ya leza. Lakini mlinzi wa mishipa yake ni yeye mwenyewe: dawa, chakula, presha isipande."

"Dawa anameza. Namwona kila siku."

"Nilikuwa navitema," fundi alisema.

Mkewe akauchomoa mkono wake kiganjani mwa mumewe. Njia nzima alitembea mbele yake. Walipofika mlangoni kwao ndipo aliposema: "Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi ulitaka nikuzike bila hata kujua ulichougua?"

Tangu siku hiyo, kila akimeza kidonge, mkewe humwambia ainue ulimi, akakagua.

Alipigwa miale mara tatu. Damu ilikoma. Jicho la kushoto lilinusurika. La kulia lilibaki na ukungu, akaachana na saa ndogo za mkononi, akashika za ukutani.

Kila baada ya miezi minne hurudi kliniki. Daktari akiinama kutazama, akakawia kidogo tu kusema, fundi hujikuta akiihesabu ile miezi minane. Hadi leo jibu ni moja: hakuna jeraha jipya. Hushukuru, hutoka nje, na kurudi kwenye saa zake za ukutani.