Globu ya Chumba cha Nyuma

Agneta hakuwa na mume, na hakuwa na maiti ya mume. Hakuwa na karatasi ya kusema kwamba mume amekufa, wala mshahara wake, wala kaburi la kupalilia. Hakuwa na ruhusa ya kulia kwa sauti, kwa sababu kwenye kituo cha polisi walikuwa wamemwandikia kwamba mumewe, Mwalimu Joram, aliachiliwa akiwa mzima, akaondoka kwa miguu yake mwenyewe. Alichokuwa nacho ni stoo isiyo na dirisha nyuma ya nyumba yake pale Kaloleni, Kisumu, ambamo mwalimu alikuwa akiweka chaki na vitabu. Ndani ya stoo hiyo kulikuwa na miche ya bangi iliyokataa kutoa maua.

Bangi ilikuwa ya Sajini Wakoli. Alipokuja kupekua nyumba baada ya kumchukua mwalimu, mwaka wa themanini na saba, aliipenda ile stoo. Alisema mashamba yana macho, lakini chumba hakina. Siku moja akaleta mbegu ndani ya kofia yake, akamwambia Agneta awe anamwagilia. Agneta alikataa. Sajini akampiga kofi moja la mkono wa kushoto, na sikio lake la kulia halikusikia tena. Baada ya hapo akawa anamwagilia.

Shida ilikuwa mwanga. Agneta alianza na karabai, nayo ikayaunguza majani ya juu na kujaza chumba moshi. Akaenda soko la Kibuye kwa Yahya, fundi wa umeme.

"Mama, unataka taa ya nini?"

"Ya mimea."

"Mimea gani hiyo haipendi jua?"

"Ya Sajini."

Yahya alikunja waya wake, akamfuata nyumbani. Alimfungia tyubu nyeupe, na miche ikanenepa kama sukuma wiki, majani matupu. Akasema labda mwanga mweupe hulea majani na ule wa manjano ndio huita maua, akaleta taa ya manjano iliyokuwa ya barabarani. Lakini chumba kilikuwa kidogo, mtu hawezi kunyoosha mikono yote miwili, na ile taa ikapika majani kama mboga kwenye sufuria.

Sajini alikuja akakagua. Akachukua mchi wa kinu, akauweka mkono wa Agneta juu ya kizingiti, akavunja vidole viwili.

"Taa tatu na hakuna ua hata moja," alisema. "Unanichezea, Mama?"

Kesho yake alirudi na globu iliyofungwa kwa gazeti. Ilikuwa kubwa, na kioo chake kilikuwa na madoa ya kahawia.

"Hii ni ya chumba chetu cha nyuma pale kituoni. Watu huketi chini yake tunapowauliza maswali. Jaribu hii."

Yahya alipanda juu ya kiti akaifunga. Ilipowaka, mche wa kwanza uliinama ghafla upande mmoja kama mtu aliyezabwa kofi, kisha wa pili, kisha yote. Shina moja lilivunjika katikati kwa mlio wa mfupa. Utomvu ulianza kudondoka, mwekundu.

"Ina nguvu," Yahya alisema, akakaza skrubu ya mwisho, akashuka.

Ikawa hivyo kila ilipowashwa. Miche ilipigwa mpaka ikavimba vifundo, na penye vifundo pakatoka maua, mazito, yenye harufu iliyofika barabarani. Agneta aliweka karai la kukinga utomvu, na kila asubuhi akalimwaga kwenye migomba.

Sajini alipokuja kuona maua alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akaitazama miche ikipigwa.

"Huyo wa kwanza ni konstebo. Hana mkono kabisa, anapapasa tu. Sasa ngoja." Miche ikalala upande wa pili, kwa kishindo. "Huyo ni mimi. Kushoto, umeona?"

"Nimeona," Agneta alisema.

Meno yalianza kutokea wakati wa kuchambua maua. Kila ua lililokomaa lilikuwa na jino katikati, mahali ambapo mtu angetarajia mbegu. Sajini alilishika moja, akalirusha hewani, akalidaka.

"Yaache humo. Yanaongeza uzito."

Agneta hakuyaacha. Aliweka kokoto badala yake, na meno akayatia kwenye mkebe wa majani chai.

Mwezi huo shemeji yake, Ochwada, ndugu wa Joram, alikuja kutoka kijijini kwao Katito. Alibeba tunda la yago, lile refu kama mkono wa mtu, ambalo huzikwa mahali pa mtu ambaye mwili wake umekosekana.

"Shemeji, ni miaka miwili sasa," alisema. "Watu wa nyumbani wamechoka kungoja. Acha tuzike yago, nawe upumzike."

"Siziki tunda," Agneta alisema. "Nimeolewa na mtu."

Akamwaga mkebe juu ya meza. Wakayapanga meno pamoja, ya juu kwanza. Lilikuwapo lile lililomeguka siku ya harusi, Joram alipofungua soda kwa meno ili watoto wacheke. Kisha ya chini, magego ya huku na ya huku. Katikati, mbele, palibaki pengo la meno sita.

Ochwada alifungua mdomo, akagusa pengo lake mwenyewe kwa kidole.

"Tuling'olewa siku moja, utotoni, kwa mila yetu," alisema. "Yeye hakulia. Mimi nililia."

Alilitoa yago nje, akaenda kuagiza jeneza. Aliagiza refu, kwa sababu mwalimu alikuwa mrefu, na akatangulia nalo Katito.

Juu ya meza lilikuwa limebaki jino moja la ziada. Lilikuwa jino la mbele la chini, jeupe, la mtu kijana. Joram hakuwa na jino hilo tangu utotoni. Agneta akamkumbuka Hiram, mtoto wa Waringa, yule mama muuza vitambaa sokoni. Kijana huyo alichukuliwa wiki ileile na Joram. Waringa alifunga duka akarudi kwao Nyeri kungoja. Agneta akaandika barua kwa vidole vilivyobaki:

"Mama Hiram, salamu. Huku maua bado yanatoka. Nieleze meno ya mbele ya Hiram, ya chini, yalikuwaje. Usizike kitu mpaka nikuandikie tena."

Alikuwa bado hajaifunga bahasha Sajini alipofika na Land Rover kuchukua magunia. Aliyapakia, kisha akaiona bahasha, akasoma jina.

"Waringa wa vitambaa? Kijana wake alikuwa na kelele, huyo."

Akailamba bahasha, akaibonyeza kwa dole gumba la kushoto mpaka ikashika, akaitia mfukoni, akafunga kifungo.

"Napita posta," alisema. "Na globu usiizime."

Alipita posta kweli, akaitumbukiza barua sandukuni.