Mama Griffins Mlimani Elgon

Boti aliyopanda Griffins ilipinduka karibu na kisiwa cha Ndere, Ziwa Victoria, mwezi wa Aprili, upepo ulipobadilika ghafla. Wenzake watatu walipatikana, wawili wakiwa hai. Griffins hakupatikana. Wazamiaji walihangaika wiki nzima kati ya magugu, kisha wakamwambia mama yake, Dorca, kwamba ziwa ni kubwa na maji ni ya tope. Ukiingia chini huoni hata mkono wako mwenyewe.

Mumewe, Zadock, fundi wa boti pale ufuoni Dunga, alitaka ukoo uitwe wazike yago, lile tunda refu zito ambalo Wajaluo huzika badala ya mtu aliyepotelea majini.

"Mimi sikuzaa tunda," Dorca alisema.

Zadock hakulitaja tena. Dorca naye, aliyekuwa akikaanga samaki ufuoni miaka yote, hakurudi kazini. Alijaribu siku moja, akashika kisu, akashindwa kupasua tumbo la samaki. Akamwachia shemeji yake sufuria na meza.

Mwezi wa Novemba alikuja Terry, muuguzi kijana aliyeongoza kikundi cha kupanda milima ambacho Griffins alikuwa mwanachama wake.

"Mama, Jumamosi tunapanda Elgon. Kuna maziwa madogo kule juu, na Griffins ndiye alikuwa anatusukuma twende. Tutamwombea huko. Tumeona si vizuri twende bila kukuambia."

"Nitakuja."

"Mama, ni mbali. Na hewa ya kule ni kidogo."

"Nimesema nitakuja, Terry."

Walilala Kitale, wakaondoka alfajiri kwa gari mpaka barabara ilipoishia. Hapo walikutana na Naswa, mwenyeji wa milima ile aliyekuwa akiwaongoza wageni. Alimtazama Dorca na raba zake alizonunua soko la Kibuye, akaenda kumkatia fimbo bila kuombwa.

Baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Mimea ya ajabu ilisimama kando ya njia, mirefu kuliko mtu, imebeba majani kama kabichi juu kabisa. Kichwa kilimgonga Dorca, na kila baada ya mwendo mfupi alisimama apumue. Vijana walisimama naye. Ili asione wanamsubiri, wakawa wanasimulia habari za Griffins: alivyoimba vibaya, alivyowamalizia njugu. Dorca akacheka. Hakuwa amecheka tangu Aprili, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

"Na vile alikuwa anaogopa maji!" akasema Mathews, mmoja wa wale vijana. "Alikuwa akituambia milima ni salama, mtu hazami."

Dorca akasimama. "Nani aliogopa maji?"

Mathews alitazama chini. "Pole, Mama. Nilidhani unajua. Alituomba tusiseme nyumbani kwa sababu Baba ni fundi wa boti."

Dorca akaegemea fimbo yake, akaendelea kupanda mpaka walipofika.

Ziwa la kwanza lilikuwa dogo, limezungukwa na matope na nyasi. La pili lilikaa chini ya miamba, na maji yake yalikuwa safi kabisa. Vijana walivua mabegi, wakaanza kutafuta mahali pa kusimama waombe. Dorca aliinama, akatumbukiza mkono. Aliviona vidole vyake vyote, na chini yake mawe, moja moja. Akainuka, akaanza kutembea ukingoni akichungulia majini, akaruka jiwe, akashika mwamba, akaendelea. Terry alimfuata.

"Mama, unatafuta nini?"

"Sitafuti kitu. Naangalia tu." Alikuwa anahema. "Hapa mtu akizama, mama yake anamwona."

Alipomaliza kulizunguka alikaa chini na kulia kwa sauti, akimwita mwanawe jina lake lote, la kanisani na la nyumbani. Miamba ikairudisha sauti ile. Vijana walivua kofia. Hawakuomba kama walivyopanga. Walikaa tu karibu naye, wengine wakilia pia.

Ukungu ulipoanza kushuka, Naswa akaja polepole. "Mama, mvua inakuja. Lazima tuteremke."

"Nipe muda kidogo tu, baba." Dorca akamgeukia Terry. "Wewe unafanya kazi hospitali. Huwa mnawaambia watu ukweli. Harudi, sivyo?"

Terry alimshika mkono. "Harudi, Mama."

Wachungaji na majirani walikuwa wamemwambia avumilie, aamini, amwachie Mungu. La kwamba harudi, hakuna aliyekuwa amemwambia.

Waliteremka kwenye mvua, Naswa mbele na vijana wawili wakimshika huku na huku.

Jumapili jioni Zadock alimpokea begi mlangoni, akamvutia kiti.

"Mlifika?"

"Tulifika." Dorca alimwangalia. "Baba Griffins, ulijua mtoto alikuwa anaogopa maji?"

Zadock aliliweka begi chini.

"Nilijua. Akiwa mdogo nilimpakia kwenye boti mpya, akalia mpaka akajikojolea. Mimi nikamcheka mbele ya watu. Baada ya hapo, kila nikimwambia apande, anapanda." Akafunika uso kwa mikono yake yenye madoa ya lami, na mabega yakaanza kutikisika.

Dorca alikuwa amekuja na hasira barabara yote kutoka Kitale. Sasa hakujua aipeleke wapi. Alisogeza kiti, akakaa karibu naye hadi alipotulia.

"Ita watu wako," akasema.

Wiki iliyofuata ukoo ulikusanyika. Tunda la yago lililetwa likiwa limefungwa shuka jeupe, na vijana wa boma wakaanza kupima shimo dogo la kulitosha. Dorca alitoka ndani, akawasimamisha.

"Griffins alikuwa mrefu," akasema.

Vijana walimgeukia Zadock.

"Mmemsikia," Zadock akawaambia. "Chimbeni la mtu mzima."