Cherehani ya Judica

Bonaventura alikuwa na ufunguo wa nyumba yake mfukoni, lakini kufuli alilivunja kwa mtaimbo. Ilikuwa lazima ionekane wezi wamepita.

Asubuhi alimuaga mkewe, Judica, akisema anakwenda Katesh kutafuta mbegu. Judica akaenda kuvuna maharage na akina mama wenzake. Bonaventura alifika barabarani, akajibanza kwenye mikaratusi mpaka saa nne, kisha akarudi kwa kupitia nyuma ya mahindi. Saa hizo, pale kijijini Maretadu, nyumba nyingi hubaki na kuku tu.

Alichokifuata ni cherehani. Judica aliinunua mwenyewe, baada ya miaka mitatu ya kufuma sweta za wanafunzi kwa mkono. Kule Katesh alikuwepo mwanamke, Marieta. Bonaventura alimwambia kwamba hana mke, na kwamba ana cherehani aliyoachiwa na marehemu dada yake. Marieta alikuwa ameshatafuta kibanda cha kushonea.

Alifungua skrubu, akatoa kichwa cha cherehani mezani, akakifunga kwa blanketi. Kisha akamwaga nguo za kabatini, uwe wizi kweli. Alipofika kwenye nguo za Belinda, binti yao wa miaka sita, alisita. Akazimwaga nazo.

Ndipo akasikia sauti ya jirani yao Kornelia, ambaye siku hiyo mguu ulimuuma akabaki nyumbani.

"Kufuli limevunjwa! Mwizi! Mwizi yumo kwa Mama Belinda!"

Yowe lilipokelewa shamba hadi shamba. Muda si mrefu uani kulijaa watu. Kupitia ufa wa mlango Bonaventura aliona fimbo na mapanga. Dirishani pa nyuma palikuwa na nondo. Alizipachika mwenyewe mwaka jana.

"Toka!" alisema Mzee Sulle, balozi wao wa nyumba kumi. "Tukiingia sisi, hatukuhurumii!"

"Jamani, msimuue," ilisikika sauti ya Judica, akihema. "Mkamateni tu."

Bonaventura alijaribu kurudisha kichwa cha cherehani mahali pake. Skrubu zikadondoka zikaingia uvunguni, akakifunika tena kwa blanketi. Mlango ukapigwa teke.

"Ni mimi," alisema. Hakuna aliyesikia. "Ni mimi! Baba Belinda!"

Akafungua mlango, akakutana uso kwa uso na Mzee Sulle.

"Shikamoo, mzee," alisema kwa mazoea.

Sulle hakuitika. Alikuwa anatazama zile nguo sakafuni.

"Mwizi yuko wapi?" Kornelia aliuliza kutoka nyuma. Mapanga yalianza kushuka, moja moja.

Judica alimpita mumewe bila kumgusa. Alifunua blanketi, akatazama, akalifunika tena. Kisha akarudi mlangoni.

"Nawashukuru sana majirani. Alikuwa ananitengenezea cherehani. Rudini tu kazini."

Watu wote walikuwa wameliona kufuli lililovunjika. Mzee Sulle aliliokota, akaliweka dirishani taratibu.

"Marahaba," alisema bila kumtazama Bonaventura, akaondoka.

Walipobaki wawili, Judica aliuliza, "Ulikuwa unampelekea nani?"

"Marieta. Wa Katesh."

"Anajua una mtoto?"

"Hajui hata kama wewe upo."

Judica alipiga magoti, akaanza kuokota nguo. Bonaventura akainama kumsaidia.

"Za Belinda usiguse."

Kesho yake Judica alikodi bodaboda, akaipeleka cherehani Mbulu mjini kwa dada yake, Philomena. Siku hizi huenda kushonea huko, jioni hurudi, hupika, humwekea mumewe chakula mezani. Habari ya siku ile hajaitaja tena. Hata majirani hawaitaji. Kanisani wanampa Bonaventura mkono kama zamani.

Ila akienda kumtembelea mtu, huletewa kigoda nje. Juzi alikwenda kwa Mzee Sulle, manyunyu yakaanza. Mzee alimletea chai pale pale barazani, akarudi ndani, akarudishia mlango. Bonaventura aliinywa chai yote, akakiweka kikombe chini, akaondoka akilowa.